Gololi Tatu za Shingo ya Pikipiki

Kila asubuhi Mgeni alikunywa chai, akabeba begi, akatembea saa nzima kwenda shule bila mtu wa kusema naye. Mgeni halikuwa jina lake. Wanafunzi wenzake walimpachika jina hilo siku aliyofika katikati ya mwaka. Sasa miezi mitano ilikuwa imepita na jina limegoma kutoka, utadhani limepigwa gundi. Mama yake alipata kazi mbali, ya kulala hukohuko, akamwacha kwa Babu. Alipiga simu Jumapili tu, na alizungumza mbiombio kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

Babu naye hakuwa msemaji. Alikuwa fundi wa pampu za maji aliyestaafu, mwenye macho ya kuona kilima cha mbali lakini si kijiko kilicho mkononi mwake. Tangu Bibi afariki, alizungumza zaidi na redio kuliko na watu. Redio ikitangaza jambo asilolipenda, aliizima ili kuikomesha.

Kilichowaweka pamoja wawili hawa ni pikipiki. Ilikuwa pikipiki ya jeshi, ya vita vya dunia vya zamani, yenye gia ya kubadilishwa kwa mkono kando ya tangi. Babu aliikuta kwa mfuga kuku mmoja, kuku wakitaga juu ya kiti chake. Siku ilipochukuliwa, mfuga kuku hakulalamika. Waliolalamika ni kuku. Chini ya kutu na uchafu kulikuwa na rangi ya kijani na namba nyeupe za askari fulani, ambaye hakuna aliyejua kama alirudi kwao.

"Wengine wangeing'arisha wakaiweka sebuleni kama sahani za wageni," Babu alisema. "Mimi nataka ifanye kazi. Ikipona, kila asubuhi nitakupeleka shule. Ile barabara hutaitembea tena peke yako."

Tangu hapo, kila alasiri walikuwa bandani. Babu alifungua vipuri, Mgeni akaviosha kwa mafuta ya taa na kuvipanga kwa foleni juu ya shuka kuukuu. Vipuri vidogo vilikuwa mikononi mwake kabisa, kwa sababu ya macho ya Babu. Miongoni mwavyo zilikuwemo gololi za chuma za shingo ya pikipiki, ishirini za juu na ishirini za chini. Usukani huzungukia juu ya hizo.

Shuleni nako walicheza gololi, za kioo. Bingwa wao alikuwa Shabaha, msichana wa darasa la sita asiyekosa. Mgeni aliutazama mchezo kila siku akiwa ameegemea ukuta, mpaka ukuta wenyewe ukamzoea. Siku moja akatia mfukoni gololi moja ya chuma.

"We Mgeni, hebu nione," Shabaha akasema. "Lo! Nzito! Njoo, ingia."

Ingia! Alicheza dakika kumi, akacheka mpaka mbavu zikauma, akaipoteza. Kesho yake akaleta ya pili, kisha ya tatu. Zote zikaishia mfukoni mwa Shabaha. Siku ya nne alikwenda mikono mitupu, maana alianza kuogopa.

"Umeleta?"

"Leo sina."

"Basi kaa pembeni, usituzibie jua."

Alhamisi ya wiki hiyo Babu alipaka grisi kwenye kikombe cha chini cha shingo, pale gololi zinapokaa. "Haya, bibie. Weka mojamoja, hesabu kwa sauti. Mimi masikio, wewe macho."

Mgeni akaanza. Moja. Mbili. Tatu. Alipofika kumi na saba, bakuli la gololi lilikuwa tupu. Babu alikuwa ameinamisha kichwa, akisikiliza kama anavyosikiliza taarifa ya habari.

"Kumi na nane," Mgeni akasema, akizamisha vidole vitupu kwenye grisi. "Kumi na tisa." "Ishirini." Akazisogeza kidogo kwa kidole, grisi ikafunika pengo.

"Safi," Babu akasema. "Ningekuwa na wewe enzi za pampu, mji huu usingekosa maji hata siku moja."

Sifa hiyo ilimuuma kuliko fimbo.

Jumamosi asubuhi injini ilikohoa mara tatu, ikapiga chafya ya moshi, ikanguruma. Babu, ambaye kumchekesha ni kazi ya sulubu, alicheka mwenyewe. Akavaa kofia ngumu, akaifunga kidevuni.

"Nateremka mpaka kituo cha mafuta, narudi. Nikiona iko sawa, na wewe utapanda."

Mteremko ulikuwa mkali, na chini yake kulikuwa na kona ya daraja. Mgeni aliitazama mikono ya Babu juu ya usukani. Akaiona ile nyumba bila Babu, redio ikijisemea peke yake. Akaenda mbele ya pikipiki, akalishika gurudumu kwa mikono miwili.

"Toka, mtoto! Unataka nikukanyage?"

"Babu, zima!"

"Nini?"

"Zima injini! Gololi za chini hazikufika ishirini. Ni kumi na saba. Tatu nilizipeleka shule nikazipoteza mchezoni. Nilikuhesabia uongo."

Babu akazima. Akashuka polepole, akavua kofia, akaketi juu ya debe. Hakugomba. Mgeni aliona afadhali angegomba.

"Zikipungua, zilizobaki hukimbilia upande mmoja," Babu alisema hatimaye. "Usukani unalegea, au unakwama kwenye kona. Ulijua?"

"Nilijua. Ulinieleza."

"Mbona ulinyamaza?"

"Ungenitoa bandani. Na nikitoka bandani sina pa kwenda. Shuleni hakuna anayeniita mpaka niwe na kitu cha kushindania."

Babu alijipangusa mikono kwa kitambaa muda mrefu, ingawa ilikuwa safi. "Na mimi ungeniacha na nani? Na redio? Ile ni mwongo kukuzidi."

Mgeni hakujua acheke au alie. Akafanya vyote kwa pamoja, na makamasi yakamuunga mkono.

"Jumatatu nitamwomba Shabaha anirudishie," akasema.

"Mwachie. Zimeshagongwa kwenye mawe, zitakwaruza kikombe. Na mpya hazichanganywi na kuukuu. Tunabadilisha zote arobaini. Inuka, shika spana. Leo fundi ni wewe."

Siku nzima walifungua walichokifunga. Dukani, muuza vipuri aliuliza kulikoni zote kwa mpigo. Babu akaangalia dari kana kwamba anahesabu buibui, na Mgeni ikambidi aeleze mwenyewe, masikio yakimwaka moto.

Walipozirudisha, alihesabu tena kwa sauti mpaka ishirini.

"Hutazipapasa uhakikishe?"

"Nimesikia," Babu akajibu.

Jumapili Babu alikwenda peke yake mpaka kituo cha mafuta, akarudi mzima. Jumatatu wakapanda wote wawili. Kwenye kona ya daraja usukani uligeuka laini, bila kusita. Langoni mwa shule wanafunzi waliizunguka pikipiki, na Shabaha akasogea.

"Mgeni, umeleta?"

"Sikuleta na sitaleta. Hazikuwa zangu."

Shabaha akainua mabega, akaenda zake, na wengine wakamfuata. Mgeni akabaki na begi lake. Babu alikuwa amesikia yote.

"Njoo," akamwambia. "Kupoteza gololi ni utoto. Hata mimi nimepoteza spana za watu. Lakini hesabu ya uongo humfanya mtu akalie kitu ambacho hakipo. Ukilisema kosa likiwa bado bandani, tunalifungua kwa spana yakaisha. Likishafika barabarani, hatulifikii tena. Na marafiki watakuja, usiwanunue. Jumamosi uliponambia kweli, ndipo nilipojua ninaishi na mtu. Ungenyamaza, ningekuwa peke yangu hata ukiwa umekaa hapo mgongoni."

Kengele ikalia. "Saa tisa niko hapa," Babu akasema, akaikanyaga pikipiki kuiwasha, ikanguruma.