Mikeka Mitupu ya Mchombe

Mpunga ukishaanza kutoa maziwa, kijiji cha Mchombe hubadilika. Akina mama hufunga vyombo na mikeka, wakahamia mashambani mpaka wakati wa kuvuna. Huko hulala kwenye vibanda vya nyasi, na kila shamba huwa na dungu, yaani jukwaa refu la miti ambalo mtu hupanda ili aone shamba lote. Kazi yao kubwa ni kuamia ndege. Kweleakwelea wakitua kwenye mpunga mbichi bila kufukuzwa, mwenye shamba ataambulia mabua. Basi kuanzia alfajiri mpaka jua linapozama, bonde zima hulia madebe na makelele.

Paulina, msichana wa darasa la sita, alibaki nyumbani na bibi yake. Asubuhi alifagia uwanja, akachemsha chai, akaenda shule. Jioni aliteka maji na kupika. Kila Jumamosi alikwenda kumpokea zamu mama yake, Verediana, ili naye apate kufua na kupumzika. Tangu baba yake alipofariki, shamba lile ndilo lililowalisha na kumnunulia sare. Paulina hakuwa mvivu. Hilo tuliseme mapema, maana muda si mrefu mtamkasirikia.

Mwaka huo mashamba ya kijiji yalikuwa yamepimwa, na kila mwenye shamba angepewa hati ya kimila ya kumiliki ardhi yake. Jumamosi ungefanyika mkutano wa kijiji kuthibitisha majina. Mzee Alphonce, kaka wa marehemu, ambaye Paulina alimwita baba mkubwa, alitaka hati ya shamba la ndugu yake iandikwe jina lake.

"Shamba ni la ukoo," alisema. "Shemeji ataendelea kulima, hakuna atakayemfukuza."

Verediana aliinamisha kichwa tu. Alidhani mjane hana la kusema mbele ya mkutano.

Jumatano ya wiki ya mkutano alikuja mgeni. Alikuwa mama mdogo Jenifer, mdogo wake Verediana, fundi cherehani wa Kibaoni, Ifakara. Yeye na wenzake wa kikundi cha wanawake walizunguka vijijini wakiwa na projekta, spika, jenereta ndogo na kitambaa kikubwa cheupe. Walionyesha filamu waliyoipiga wenyewe humu humu bondeni, kuhusu Katiba na usawa wa wanawake na wanaume.

"Shikamoo, mama mdogo!"

"Marahaba, mwanangu. Umerefuka hivi! Hebu jaribu hizi."

Zilikuwa raba nyeupe, mpya kabisa, na zilimkaa sawasawa. Paulina alizunguka uwanjani akiziangalia zaidi kuliko alivyoangalia njia.

"Sasa nisikilize," Jenifer alisema. "Kesho jioni, ndege wakishalala, tunaonyesha filamu kwenye kiwanja cha shule. Huko mashambani simu hazishiki. Nenda ukawaambie akina mama, dungu kwa dungu. Anza na mama yako. Wakijua mapema watapanga nani abaki kulinda mpunga usiliwe na nguruwe pori na nani aje. Nataka waende kwenye mkutano wa Jumamosi wakijua la kusema. Nakutegemea."

"Sawa, mama mdogo."

Paulina alitoka mbio. Alipofika pale njia ya mashambani inapoachana na barabara ya Mlimba, alisimama. Mbele yake tope lilikuwa jeusi na zito, kama lilivyo siku zote wakati wa masika. Akaangalia raba zake. Kuzivua lilikuwa jambo dogo tu, lakini viatu vipya ukivibeba mkononi nani ataviona?

Basi akafuata barabara. Alitangaza kwenye mashine ya kukoboa mpunga, akatangaza kwenye kijiwe cha kahawa na kwa vijana wa bodaboda. "Kesho kuna filamu shuleni! Bure!" Watu walimshangilia, na mmoja akazisifu raba. Paulina akajiambia kwamba habari ikishafika huku, itafika mashambani yenyewe.

"Umefika kote?" Jenifer alimuuliza jioni.

"Nimefika kote."

"Na mama yako?"

"Amesema atakuja," Paulina alijibu, akainama kupangusa raba zake.

Alhamisi jioni Jenifer alitandika mikeka mbele, karibu na kitambaa, kwa ajili ya akina mama. Nyuma yake akapanga madawati. Madawati yakajaa wanaume. Vijana wa bodaboda walikuja wote, na wazee wa kijiwe cha kahawa walikuja na vikombe vyao. Kwenye mikeka hakukaa mtu. Jenifer aligeuka kuangalia njia ya mashambani, akageuka tena, mpaka giza likamzuia kuona.

Filamu ilipokwisha, mwenyekiti wa kijiji alikaribisha maswali. Mzee Alphonce akasimama.

"Mwenyekiti, mimi sina swali. Mmeona wenyewe. Wanawake wa Mchombe wameitwa na hawakuja. Maana yake mambo haya hawayahitaji. Jumamosi tusipoteze muda nayo."

Watu wakapiga makofi. Jenifer akazima projekta. Alipokuwa akikunja mikeka alisema kwa sauti ya chini, "Hata dada yangu mwenyewe."

Paulina alisikia. Nyumbani alisukuma sahani ya wali. Alilala upande huu, akageukia upande ule. Alitoka nje, akarudi, akatoka tena, mpaka bibi akamuuliza kama amekunywa maji mabaya. Uzembe wake wa jana ulikuwa umegeuka kuwa ushahidi dhidi ya mama yake, na mama mwenyewe hakuwa na habari.

Kulipokucha alimkuta Jenifer akifunga vyombo. Gari lilikuwa linakuja kuwachukua kwenda Mlimba.

"Mama mdogo, usiende. Sikufika mashambani. Niliogopa kuchafua raba. Mama hajui chochote. Nilikudanganya."

Jenifer aliacha kamba aliyokuwa akiifunga. Alikasirika, na hakuficha.

"Unajua ulichofanya, Paulina? Wanawake wote wa kijiji hiki wamesemwa kwamba hawajali, na hawakuwepo kujitetea! Na mimi nilimlaumu dada yangu bure."

Paulina akaanza kulia.

"Kulia utalia baadaye. Sasa tuna kazi." Jenifer akachukua simu, akampigia Adolf, dereva wao. "Adolf, Mlimba tutakwenda kesho. Ndiyo, kesho. Nitakueleza." Akamgeukia Paulina. "Leo jioni tunaonyesha hukohuko mashambani. Lakini wa kuwaita ni wewe, na kila dungu utasema ukweli, kwamba ulitumwa na hukwenda."

Siku hiyo masomo hayakwisha upesi. Kengele ya mwisho ilipolia, Paulina aliziacha raba nyumbani, akaingia kwenye tope miguu mitupu.

Dungu la kwanza lilikuwa la mama Domitila, mwanamke mwenye ulimi mkali. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo mimi nimesemwa mbele ya wanaume kwa ajili ya raba?"

"Ndiyo, mama. Naomba mnisamehe."

"Viatu vyenyewe viko wapi nivione?" Domitila aliguna. "Haya, nenda kwa wengine. Nitakuja, tena nitakaa mbele."

Kwenye kila dungu ilikuwa vigumu kuanza upya. Wengine walimkemea, wengine walicheka, na mmoja alimpa kipande cha muhogo kwa kumwonea huruma. Dungu la mama yake, alilotakiwa kuanza nalo, aliliacha la mwisho kwa sababu ya woga.

Verediana alisikiliza bila kushuka. Alizungusha kombeo, akaachia jiwe, kundi la ndege likainuka.

"Ulisema mimi nimesema nitakuja?"

"Ndiyo, mama."

"Wiki nzima niko hapa juu najiuliza nitasema nini Jumamosi, na sina wa kumuuliza. Kumbe wa kuulizwa alikuwa hapo shuleni." Akaweka jiwe jingine kwenye kombeo. Paulina aliona heri angepigwa. "Kesho alfajiri, kabla hujaja kunipokea, utapita kwa baba yako mkubwa umweleze na yeye."

Jioni ile kitambaa cheupe kilifungwa kwenye miguu ya dungu la Domitila, mbele ya uwanja wa kupigia mpunga. Wanawake walikuja na vigoda, watoto mgongoni. Waume wawili watatu walijitolea kuzunguka mashamba kufukuza nguruwe. Kwenye filamu, mchuuzi wa samaki wa Kivukoni alieleza jinsi ndugu wa mumewe walivyotaka kumtoa kwenye kiwanja alichojenga na marehemu, na jinsi alivyokwenda kwenye baraza la ardhi kudai haki yake. Hapo Jenifer akasimamisha picha.

"Katiba yetu inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na inakataza kumbagua mtu kwa jinsia yake. Haikusema mpaka uwe na mume. Nani ana swali?"

Maswali yakamiminika. Domitila alitaka kujua kama hati inaweza kubeba majina mawili, la mume na la mke. Aliambiwa inaweza. Verediana aliuliza moja tu.

"Na mjane, asimame aseme mwenyewe?"

"Asimame aseme mwenyewe, dada."

Tatizo lilikuwa ndege, maana wao hawajui siku ya mkutano. Paulina ndiye aliyesema kwamba wanafunzi wataamia. Jumamosi asubuhi, kila dungu lilikuwa na mtoto wa shule, wavulana kwa wasichana. Yeye alikuwa amekwisha kupita kwa baba mkubwa, akamkuta anapiga mswaki nje. Alimweleza yote, na mzee Alphonce akatema mate pembeni, akasema, "Nimesikia." Akaendelea kupiga mswaki.

Ilikuwa asubuhi ndefu. Paulina alipiga debe, akaangalia njia. Alirusha jiwe, akaangalia njia. Alishuka dunguni, akapanda, akashuka tena, ndege wakapata nafasi ya kutua, akawakimbilia kwa hasira. Kama baba mkubwa atasema maneno yaleyale? Kama mama atakosa sauti? Jua lilikuwa limeshapita utosini alipoona kitenge cha mama yake kwenye njia ya mfereji.

"Mama! Ikawaje?"

Verediana alipanda dungu kwanza, akakaa.

"Mtu mmoja alisimama akasema tena kwamba wanawake hatujali. Baba yako mkubwa akamkatiza. Akasema, 'Maneno hayo niliyasema mimi, nayafuta. Hawakuitwa. Mtoto wetu amekuja kunieleza ukweli mwenyewe.' Shamba bado alilitaka, usidhani. Lakini mwenyekiti akaniuliza, nikasimama. Nikasema nimelilima na mume wangu, na sheria haikunitoa. Mkutano ukakubali, likaandikwa jina langu, na lako chini yake."

Paulina alilia, na safari hii aliachwa alie.

"Sikiliza, mwanangu. Haki ile ilikuwa yangu hata juzi, imeandikwa kwenye Katiba. Kilichokosekana ni mtu wa kukanyaga tope aje aniambie. Ukitumwa kufikisha neno, lifikishe. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema, kabla kosa lako halijamuumiza mtu mwingine."

"Nimeelewa, mama. Ulitaja jina lako mbele ya watu wote?"

"Nililitaja. Mwenyekiti akasema hajasikia, nirudie kwa sauti."

"Ukarudiaje?"

Verediana akacheka. Akasimama juu ya dungu, akajaza kifua, akalitamka jina lake lote, la kwake na la baba yake. Kundi la kweleakwelea lililokuwa limetua upande wa mfereji likainuka lote, likaenda zake.