Saini ya Athanas

Jioni ile ya Aprili 2006 nilipita Mchafukoge, ofisini kwa Jeet, mtunza magazeti ya zamani, kutafuta tangazo la kifo cha mume wangu, Athanas. Arobaini yake ilikaribia, na gazeti langu lilikuwa limepotea.

Jeet alikuwa na programu ya bure kwenye kompyuta yake, iliyoandikwa na watu wa mbali wakaiachia yeyote aitumie na kuirekebisha. Humo aliingiza magazeti na hati za mizigo ya Kariakoo. Ukiandika jina, inakupa mahali na saa.

"Pole sana, dada Selina." Akaandika: Athanas Mrope.

Tangazo likatokea. Tarehe tatu Machi.

Chini yake... hati ya mzigo. Mtaa wa Sikukuu, tarehe kumi na tisa Machi. Mbebaji: Athanas Mrope.

"Majina yamefanana tu," Jeet akasema.

"Fungua."

Niliiona saini. Ile A yenye mkia, aliyoipiga kwenye cheti chetu cha ndoa. Na mume wangu alikuwa fundi cherehani. Hakuwahi kubeba gunia.

Hati zilikuwa kumi na moja. Ya mwisho ilikuwa ya leo. Mtaa wa Narung'ombe, saa kumi na mbili na nusu.

Saa ya ukutani ilisema kumi na mbili na robo.

"Hii sijaiingiza mimi," Jeet alinong'ona. "Dada, usiende."

Nilikimbia.

Narung'ombe walikuwa wanafunga maduka. Mageti yakilia... kra... kra... Kisha harufu. Udongo mbichi. Mwanaume akanipita, peku, gunia kichwani.

"Athanas..."

Akasimama.

Nilimshika mkono. Wa baridi. Nikapiga magoti palepale barabarani, nikamsihi twende nyumbani. Akageuka. Alikuwa yeye. Akafungua mdomo anijibu.

Hakuwa na ulimi.

Machozi yakamtiririka. Mahali fulani mtu akapiga mluzi, mara moja tu, na mume wangu akaondoka kama mbuzi anayevutwa kamba. Nikamfuata hadi alipokata kona. Nyuma ya kona kulikuwa na ukuta mtupu.

Habari za misukule nilizisikia tangu utotoni: mnazika mgomba, mtu wenu anatumikishwa na wachawi. Sikuwahi kuziamini.

Kesho yake nilimpigia shemeji yangu Eliasi, Ndanda, tulikomzika Athanas.

"Shemeji, tufukue kaburi."

Nikamsikia akifunga mlango.

"Akiwemo, tutakuwa tumemsumbua marehemu. Tukikuta mgomba... utalala vipi tena, Selina?"

"Kwani sasa nalala?"

Akakata simu. Tangu hapo hapokei.

Jembe nimeazima kwa jirani, nimelifunga kwenye khanga. Basi la Masasi, linalopita Ndanda, linaondoka alfajiri.