Kifaranga wa Kitanda cha Satini

Nyumbani kwa fundi cherehani asubuhi huanza na kelele. Ndani, cherehani inakimbia na pasi inagonga meza. Barazani, mume wake anagonga vyuma, maana yeye ni fundi baiskeli. Chumba cha mbele kimoja, kazi mbili. Mteja wa gauni hupita katikati ya spoki na minyororo, ameshikilia sketi yake kwa mikono miwili asije akatoka na grisi.

Siku moja ikaongezeka kelele nyingine. Pii! Pii! Pii! Ilitoka ndani ya boksi la katoni, chini ya meza ya kukatia nguo.

Humo alikuwamo kifaranga wa bibi. Bibi ni mama mzazi wa fundi baiskeli, na wote wanaishi nyumba moja. Alikuwa na kuku mmoja tu, mwekundu, mtagaji hodari, aliyemfuata bibi kila kona ya ua. Kicheche alimchukua kuku huyo akiwa bado analalia mayai. Loo! Bibi alikuta manyoya tu. Mayai yote yalikuwa yamepoa, isipokuwa moja. Hilo lilikuwa limeshatoboka, na ndani yake kuna mtu anagonga.

Bibi alilibeba kiganjani mpaka kwa mkwewe.

"Mwanangu," alimwambia fundi cherehani, "hapa kwako kuna taa, kuna joto. Huyu ndiye pekee aliyebaki wa kuku wangu. Nimekukabidhi wewe."

Fundi cherehani si mtu wa kukabidhiwa kitu akakilalia. Alitafuta boksi. Alining'iniza taa juu yake. Kisha akatoa vipande vya satini nyeupe, vile vilivyobaki kwenye gauni la harusi. Akavipiga pasi, akavitandika ndani ya boksi bila kunyanzi hata moja. Kifaranga alipotoka kwenye yai na kukauka, akalazwa hapo.

Mume wake alichungulia, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Hee! Mimi mwenyewe sijawahi kulalia satini. Huyu ni bwana harusi!"

Jina likamganda hapo hapo. Bwana Harusi.

Lakini baada ya siku mbili tatu, Bwana Harusi alishindwa kusimama. Kila akijaribu, mguu mmoja ulikwenda huku na mwingine kule. Alianguka kifudifudi, akalia, akajaribu tena, akaanguka tena. Chakula kilikuwa karibu na hakukifikia.

"Jamani, njooni muone!" fundi cherehani alipiga kelele. "Miguu yake haina nguvu!"

Mume aliacha tairi, akaja mbio.

"Kitu kikilegea, kinakazwa," alisema kwa kujiamini. "Tulia, mke wangu. Hiyo ni kazi yangu."

Alikata uzi mwembamba wa mpira kutoka kwenye tyubu kuukuu. Akaifunga miguu ya kifaranga pamoja, akakaza barabara kama anafunga mzigo kwenye keria.

"Haya! Huyo hachomoki."

Kweli hakuchomoka. Asubuhi iliyofuata vidole vyake vilikuwa vimevimba. Alikuwa amelala ubavu, na sauti yake imekuwa ndogo. Bibi alikuja na kikombe chake cha chai kumjulia hali. Alimtazama. Hakugomba wala hakulaumu. Alikiweka kikombe mezani, chai haijanywewa, akarudi chumbani kwake.

Fundi cherehani aliumia sana. Afadhali angegombezwa.

"Nimekabidhiwa mmoja tu," alisema, machozi yanamlengalenga. "Mmoja tu!"

Hapo hapo ikasikika hodi mlangoni. Alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke mchangamfu, mteja wao wa siku nyingi. Alifuata koti lake la kazi lililokuwa linabadilishwa zipu.

"Koti langu tayari, fundi? Na mbona uso umekunjamana hivyo?"

"Daktari! Mungu kakuleta! Achana na koti, tazama huku!"

Daktari alipiga magoti mbele ya boksi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuomba mkasi. Kwa uangalifu akaukata ule mpira.

"Nani amemfunga pingu huyu?"

Fundi baiskeli alijifanya anatafuta spana.

"Mpira ulibana, damu ikawa haipiti," daktari alisema. "Ungebaki mpaka kesho, miguu ingekufa. Tumewahi." Akapapasa mifupa ya miguu, akavuta vidole taratibu, navyo vikajikunja. "Haijavunjika. Na ana nguvu, sikia anavyovuta! Kilichomtokea ni kuteleza tu."

"Kuteleza wapi, daktari? Hajatoka ndani ya boksi."

Daktari alipitisha kidole kwenye satini. Kidole kikateleza suu.

"Hapa. Kifaranga akizaliwa, miguu yake bado laini. Anahitaji sakafu ya kukwaruza, aikamate kwa vidole. Akiwekwa kwenye kitu cha kuteleza, gazeti, plastiki, au hiki kitanda chako cha kifalme, miguu inatanuka kila upande. Akiachwa hivyo, inazoea."

"Yaani ni mapenzi yangu ndiyo yamemwangusha!"

"Sasa yatamwinua. Una gunia kuukuu? Safi na kavu?"

Gunia lilitoka. Satini ikaondoka.

"Sasa nipe kitambaa laini kinachovutika kidogo."

"Cha fulana?"

"Hicho hicho. Na chukua futi yako ya kupimia. Leo unamshonea mteja mdogo kuliko wote."

Fundi cherehani alifuta machozi, akacheka. Amewahi kushona nguo za vichanga, lakini za kifaranga, thubutu! Daktari alimshika Bwana Harusi akamsimamisha, miguu ikiwa chini ya mwili wake, sawa na upana wa nyonga zake.

"Pima hapo, kati ya mguu na mguu. Tusiibananishe, tusiitanue. Asimame kama kifaranga yeyote anavyosimama."

Fundi alipima. Akakata kitambaa chembamba, akashona kitanzi kila upande, na katikati akaacha nafasi aliyoipima. Wakamvalisha vitanzi miguuni, juu kidogo ya vidole. Daktari akapitisha njiti ya kiberiti kati ya kitambaa na ngozi.

"Njiti ikipita, damu inapita. Kila siku kagua. Vidole vikivimba, legeza. Akikua, shona kingine. Anakua upesi huyu."

"Na chakula?" fundi baiskeli aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mnampa nini?"

"Unga wa mahindi."

"Peke yake hautoshi. Mnunulieni chakula cha vifaranga, kina vitu vya kujenga mifupa. Nami nitawaachia vitamini ya kuchanganya kwenye maji. Maji yawe kwenye kifuniko kifupi, asije akazama. Mwanzoni mchovyesheni ncha ya mdomo tu. Taa ibaki, ila iwe upande mmoja, akiona joto limezidi asogee. Na mara kadhaa kwa siku msimamisheni, mumshike kidogo, ajifunze."

Alipochukua koti lake aligeuka.

"Jambo moja zaidi. Si kila kuku mwenye miguu dhaifu ameteleza. Mkiona kuku wengi wanalegea, mabawa yanashuka, shingo zinapinda, msifunge miguu ya mtu. Watengeni, mniite haraka. Kuna magonjwa yanayoambukiza, na mengine yana chanjo."

Tangu hapo kazi ikawa kazi. Fundi baiskeli alikwenda mwenyewe kununua chakula, maana alikuwa na deni la aibu. Bibi alirudi kwenye kiti chake karibu na meza. Yeye ndiye aliyekuwa akimsimamisha Bwana Harusi, mkono chini ya kifua.

"Simama, baba. Simama. Mama yako hakuwa mvivu."

Siku ya kwanza alianguka. Siku iliyofuata alisimama kidogo, akatikisika, akaketi. Halafu siku moja bibi aliondoa mkono, naye akabaki amesimama. Kifaranga alitazama chakula. Akapiga hatua. Akapiga nyingine!

"Anatembea!" bibi alipiga kigelegele. "Njooni! Anatembea!"

Mteja aliyekuwa anapimwa kiuno akatoka mbio na futi ikimning'inia. Fundi baiskeli akapiga kengele za baiskeli zote zilizokuwa barazani. Siku chache baadaye daktari alipita, akavua vitanzi. Bwana Harusi alisimama wima bila kushikwa, kisha akatimua mbio chini ya cherehani. Siku hiyo bibi alikunywa vikombe viwili vya chai.

Miezi ikapita. Bwana Harusi akawa mkubwa, mwekundu, akimfuata bibi kila kona ya ua. Hakuwa akiwika. Fundi baiskeli alisema bado ana aibu. Jogoo wa jirani naye hakuisha kujipitisha barazani, na fundi baiskeli akadhani anatafuta ugomvi.

Asubuhi moja fundi cherehani alisikia kuku analia kwa madaha. Alimkuta Bwana Harusi ndani ya kapu la vipande vya nguo. Alipomsogeza, akashika mdomo.

"Mama! Mama, njoo! Bwana Harusi ametaga!"

"Ametaga?" mume aliangusha spana. "Bwana harusi gani anataga?"

Bibi alikuja haraka kuliko miguu yake inavyoruhusu. Aliliinua yai. Lilikuwa na rangi ileile ya mayai ya yule kuku wake. Alilishika kiganjani kama lile la kwanza. Kisha akamnyooshea mkwewe.

"Haya, mwanangu. Nakukabidhi tena," alisema. "Ila safari hii, tandika gunia."