Mtama wa Zaka

Msimu ule, kila alfajiri, Mashavu alikuwa wa kwanza kufika shambani. Alipanda juu ya dungu, kile kichanja kirefu ambacho wakulima wa Kwamsisi hukijenga katikati ya mtama, akapanga mawe karibu na teo yake ya kuyarushia na kuwangoja ndege. Walikuja wengi kama moshi wa moto wa nyika.

"Hoo! Haa!" alipiga kelele. Jiwe lilivuma, ndege wakainuka na kwenda kutua mbali.

Jua lilipopanda, mama yake, Zuena, alimletea uji kwenye kibuyu.

"Wamekula leo?" mama aliuliza.

"Hata punje moja, mama," Mashavu alijibu. Sauti yake ilikuwa imekauka kabisa.

Baba yake, Mdoe, hakuwepo. Wajerumani walikuwa wakijenga reli kutoka Tanga, nayo ilikuwa imekaribia Korogwe. Baba alikuwa huko, akibeba vyuma na mawe pamoja na vijana wengine wa Handeni. Kwa hiyo shamba lile kubwa lilikuwa mikononi mwa mama, akisaidiwa na shemeji zake wakati wa kulima na kupalilia.

Mashavu alikuwa na sababu ya kuulinda mtama ule. Miaka michache nyuma nzige walikula kila kitu, na mvua nayo ikakataa. Watu walichimba mizizi ya porini, wakaichemsha siku nzima ili kutoa uchungu wake. Semboja, mdogo wake Mashavu, hakuiona mvua iliyoimaliza njaa ile. Tangu hapo, Mashavu alikuwa na tabia moja: kabla ya kulala, alikwenda kukigusa kihenge cha nafaka kwa mkono wake, ahakikishe kuwa kina kitu.

Mwaka huu Mungu alijalia. Mtama ulikomaa, ukavunwa, ukapurwa na kupepetwa. Kabla hata haujaingia ndani, watu wa akida, mtawala wa eneo aliyewekwa na Wajerumani, walifika na askari, wakachukua sehemu yao ya kodi na kuondoka bila kuaga. Siku iliyofuata, mama alijifunga ushungi, akaenda kwa Mwalimu Salimu, aliyesomesha watoto Kurani chuoni. Aliporudi alikuwa na furaha usoni.

"Mavuno yetu yamefika nisabu," alisema. "Ni kile kiwango ambacho mtu akikifikia, zaka inamlazimu. Lete pishi, tupime."

Wakaanza kupima. Pishi tisa ziliingia kihengeni, na ya kumi ikamiminwa kwenye kanda pembeni. Kisha tisa nyingine, na ya kumi pembeni. Makanda ya pembeni yalipoanza kuongezeka, Mashavu alishindwa kunyamaza.

"Mama, akida ameshachukua. Na sisi tena tutoe?"

"Ile ni kodi. Hii ni zaka."

"Zote si zinatuondolea mtama?"

Mama aliweka pishi chini. "Akida alikuja na askari wenye bunduki. Zaka haina askari, mwanangu. Anayejua kama nimeitoa sawasawa ni Mungu na mimi. Tena mtama huu hatukuumwagilia maji; mvua ilinyesha yenyewe. Kwa hiyo katika kila kumi, moja si letu. Ni haki ya maskini iliyoota shambani kwetu. Tukiila, tumekula cha mtu."

Mashavu aliitika, lakini moyoni hakukubali. Nani aliyepiga kelele mpaka koo likakauka juu ya dungu? Maskini walikuwa wapi wakati ule? Na nzige wakirudi je?

Mama aligawa mwenyewe sehemu kubwa ya zaka. Makanda mawili yalikwenda kwa Mzee Mhina, ambaye mgongo wake ulikuwa umekataa jembe. Mengine yalikwenda kwa wengine wasiojiweza. Likabaki moja, la Mwantumu. Huyu alikuwa mjane mwenye watoto wadogo. Mumewe alikuwa mpagazi, akafia safarini. Mama alimwagiza Mashavu alipeleke, kisha yeye akashika njia ya kisimani.

Mashavu alibaki peke yake na lile kanda. Akautazama mtama mweupe, safi. Halafu akakitazama kihenge cha zamani, ambacho chini yake kulibaki mtama wa mwaka uliopita, uliotobolewa na fukusi na kunuka uvundo. Mama alikuwa akiwatupia kuku.

Alifanya haraka. Aliumimina mtama mzuri kwenye mtungi mkubwa usiotumika, akaufunika. Akajaza kanda kwa mtama mbovu, na juu yake akatandaza mzuri kidogo. Kisha akajitwisha, akaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mwantumu alilipokea kanda kwa mikono miwili. Hakulifungua. Alimwombea mama yake Mashavu dua ndefu, akamwombea na baba aliyekuwa Korogwe, kisha akamwombea Mashavu mwenyewe. Mashavu alirudi nyumbani akitembea upesi, kama aliyefukuzwa na nyuki.

Mawingu ya mvua yalipoanza kukusanyika, mama alimtuma Mashavu kwa Mwantumu kuazima ungo. Alimkuta uani, na watoto wake wamemzunguka. Mbele yao mtama ulikuwa umetandazwa juu ya mkeka, nao walikuwa wakiuchambua punje kwa punje. Fungu la punje nzima lilikuwa dogo, linatosha kujaza bakuli tu. Fungu la punje zilizotobolewa lilikuwa kubwa.

Mashavu aliutambua mtama ule.

"Karibu," Mwantumu alisema. "Tunatafuta mbegu. Shamba nimeshalilima, mwaka huu sitaki kuomba mbegu kwa watu." Kisha akasogea karibu, akashusha sauti ili watoto wasisikie. "Niambie kweli, mwanangu. Nyumbani kwenu mna chakula?"

"Tuna... tunacho, mama."

Mwantumu alitikisa kichwa. "Mama yako ana aibu, najua. Watu wa akida wamemnyang'anya mtama mzuri, akabakiwa na huu. Na katika huo huo mbaya, bado akanikumbuka." Akaingia ndani, akatoka na ungo, na juu yake bakuli la mbaazi kavu. "Mpelekee. Si nyingi. Mwambie hata mimi namkumbuka."

Mashavu aliwaangalia wale watoto. Mmoja wao alikuwa amezikazia macho zile mbaazi.

Alifika nyumbani akilia. Mama, akishangaa, alilipokea bakuli. "Mbaazi? Mwantumu ananipa mimi mbaazi? Kuna nini?"

Mashavu akaeleza yote: mtungi, fukusi, na ule mtama mzuri alioutandaza juu. Alitegemea kofi. Mama hakumpiga. Alikaa kwenye kigoda.

"Kwa nini, Mashavu?"

"Naogopa njaa, mama. Semboja..."

Alipolisikia jina lile, mama alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mimi pia naogopa," alisema. "Kila nilipomimina pishi ya kumi, niliogopa. Lakini Semboja alikuwa mtoto kama wale wa Mwantumu. Hofu yetu isiwe sababu ya kuwanyang'anya haki yao." Akainuka. "Utoe ule mtama. Tunakwenda sasa hivi, na utasema mwenyewe."

Kusema kulikuwa kugumu kuliko kubeba. Mashavu alipiga magoti mbele ya Mwantumu, akakiri. Yule mjane alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akapumua.

"Alhamdulillahi," alisema. "Nilikuwa nikiwaza mtakula nini."

Akamwinua Mashavu na kumsamehe. Siku chache baadaye mvua ilinyesha. Mashavu alikwenda kupanda pamoja nao, na mtama ulipokomaa, alilinda mashamba yote mawili, hili asubuhi, lile jioni.

Mavuno yalipokwisha, Mwantumu alivaa ushungi wake, akaenda kwa Mwalimu Salimu. Alirudi ameinamisha kichwa, akapita nyumbani kwa Zuena.

"Bado," alisema. "Mwalimu anasema mavuno yangu hayajafika nisabu. Zaka hainilazimu." Akainua kichwa. "Basi mwakani nitaongeza shamba."

Mashavu alishangaa. Mwantumu alipoondoka, alimwuliza mama yake, "Mbona amehuzunika? Si ameambiwa abaki na mtama wake wote?"

Mama alimvuta karibu. "Wewe mwaka jana uliona zaka ni kitu tunachopoteza. Mwantumu amewahi kuwa upande wa kupokea, kwa hiyo anajua thamani ya kuwa upande wa kutoa. Mungu akimjalia mtu hata akafikia kiwango cha kutoa, hiyo ni neema kabla hajatoa hata punje. Toa haki ya watu kamili, itoe katika kilicho kizuri, na usiifiche. Ukiogopa, toa hivyo hivyo huku unaogopa."

Usiku ule Mashavu alilala bila kwenda kukigusa kihenge.