Tunda Lililozikwa kwa Jina la Wanyonyi

Jumamosi ile ya mwisho ya Januari ilianza vizuri. Debra Nasambu angeweza kuapa hivyo, kwa sababu alikuwa ameiandika. Saa mbili na dakika kumi asubuhi, boti imeondoka kisiwani Rakwaro. Watu tisa, jaketi za kuelea tisa, zote zimefungwa. Saa tatu kasorobo, kuangalia ndege kwenye matete. Saa nne, soko la samaki ufuoni. Hakuna upepo.

Nasambu alikuwa mwongoza watalii katika hoteli ya kisiwa hicho, mwaka wa pili sasa, na majirani waliomjua huko Migosi, mtaa wa Kisumu alikopanga chumba, watakwambia kwamba hakuwa mtu wa kubahatisha. Alisomea utalii chuo kikuu, akatoka na daftari lenye mistari na tabia ya kuhakikisha mlango umefungwa mara tatu. Usiku wa kuamkia safari hakulala vizuri. Aliwaza injini, aliwaza mvua, aliwaza mgeni atakayekula samaki akasakamwa na mwiba.

Siku hiyo mtu wa tisa hakuwa mgeni wa hoteli. Alikuwa mdogo wake, Robinson Wanyonyi, kijana wa miaka ishirini na miwili aliyefika juzi yake kutoka Chwele, kwao Bungoma. Alikuwa amepata barua ya kufundisha shule ya msingi, kuanzia Jumatatu ya wiki iliyofuata. Mama yao, mjane, aliilia barua hiyo hadi ikalowa pembeni. Wanyonyi alikuja Kisumu kumwonyesha dada yake, na meneja akaruhusu apewe kiti kilichokuwa wazi. Hakuwa amewahi kupanda boti. Alishika ubao wa kukalia kwa mikono miwili njia nzima.

"Sista, hii maji haina mwisho?"

"Iko na mwisho. Unaitwa Uganda."

Wageni walicheka. Hata Obonyo, nahodha, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, alitabasamu akiwa nyuma kwenye injini.

Saa tano na robo walifika kituo cha mwisho, kwenye ufuo ulio chini ya Kisian. Hapo palikuwa na boma la zamani lisilokaliwa na mtu, na katikati yake mti mkubwa wa mwegea, ule Waluo wanaouita yago. Matunda yake yananing'inia kwa kamba ndefu, mazito, ya kijivu, kila moja likitoshana na mkono wa mtu kutoka begani hadi vidoleni. Kwenye karatasi ya hoteli mahali hapo paliandikwa "Mti wa Ajabu na Chakula cha Mchana". Shida ilikuwa kwamba chakula kilichelewa kila mara. Samaki wa kukaangwa walihitaji dakika arobaini, na wageni wakikaa dakika arobaini bila la kufanya huandika malalamiko.

Ndiyo maana Nasambu alibuni onyesho la mazishi.

Desturi yenyewe aliisoma maktabani, alipokuwa chuoni. Zamani, na hata sasa kwa wengine, mtu wa huku akizama ziwani na mwili usionekane, jamaa zake huchukua tunda la yago, hulifunga kama maiti na kulizika kaburini mwake, ili naye awe na pa kulala. Yeye si Mluo. Kwao Chwele hakuna ziwa wala yago. Kwake lilikuwa jambo la kitabuni, na aliliandaa kwa uangalifu kama somo: mkeka, shuka jeupe, tunda lililoanguka lenyewe, shimo la sentimita arobaini alilopima kwa kijiti. Kisha aliita jina mara tatu. Jina lilikuwa siku zote lile lile, Bwana Fulani.

Mgeni mmoja kutoka Nairobi, mama mchangamfu aliyeitwa Sylvia, alikuwa ameinua simu kurekodi. Aliishusha. "Aa, Fulani hatutamlilia, Debra. Tupe mtu wa kweli."

Watu wakatazamana. Hakuna aliyetaka.

"Tumia langu," Wanyonyi alisema. "Nimebebwa bure tangu asubuhi, wacha nifanye kazi kidogo."

Nasambu alisita. Hilo pia angeweza kuapa. Alisita kwa muda wa kuvuta pumzi moja, kisha akaona saa: tano na nusu, dakika ishirini na tano bado. Sylvia alikuwa ameshainua simu tena.

"Robinson Wanyonyi Khaemba," aliita. "Tumekutafuta majini hatukukuona. Lala hapa." Akaita tena. Akaita mara ya tatu. Wanyonyi mwenyewe alipiga magoti kando ya shimo akijishika kichwa. "Uwi! Kijana alikuwa mzuri huyu! Alikuwa anamaliza chapati kumi peke yake!" Wageni walicheka hadi machozi. Kila mmoja akatupa udongo kidogo. Wanyonyi alitupa wa mwisho.

Walipokuwa wakipiga makofi, Obonyo alitokea kwenye njia ya ufuoni, amebeba sanduku la soda begani. Kwa kawaida hakutoka kwenye boti. Siku hiyo sanduku lilikuwa limesahaulika botini.

Aliliweka sanduku chini polepole.

"Madam. Mnazika nani?"

"Hakuna mtu, Obonyo. Ni onyesho tu la wageni."

"Nimesikia jina."

"La ndugu yangu. Si yule pale?"

Obonyo alimtazama Wanyonyi aliyekuwa akijipangusa magoti. Akamshika Nasambu kiwiko, akamvuta kando. Aliposema, alinong'ona.

"Yawa, Debra. Sisi hatuziki yago ndio mtu afe. Mtu anazama kwanza. Tunatafuta siku nne, siku saba. Tukishindwa, tunaweka hii mahali yake. Ziwa inabaki na yake, na sisi tunabaki na yetu." Alinyoosha kidole kwenye shimo lililofukiwa. "Nyinyi mmeshaweka yenu. Sasa ya ziwa iko wapi?"

"Lakini nimefanya hivi miezi sita."

"Na jina ya mtu?"

"Hapana."

"Na mtu mwenyewe amesimama hapo, anajitupia udongo?"

Nasambu aligeuka kulitazama lile kaburi dogo.

"Itoe," alisema Obonyo. "Wewe ndiye uliita, wewe uitoe. Na mkono, si jembe."

Nasambu alipiga magoti. Udongo ulikuwa laini, umetoka kutiwa sasa hivi. Alichimba sentimita arobaini, anazijua, zinafika katikati ya kigasha. Hakuna kitu. Alichimba hadi kiwiko. Akalala kifudifudi, akachimba hadi bega likagusa ardhi. Kando za shimo zilikuwa ngumu na kavu. Mvua ya mwisho ilinyesha mwanzoni mwa Desemba. Lakini chini kabisa, vidole vyake viliingia kwenye matope baridi, na matope yale yalivibana vidole kidogo kabla ya kuviachia.

Nyuma yake wageni walidhani onyesho linaendelea. Wakapiga makofi tena.

Obonyo hakuwa na maneno mengi baada ya hapo. Kijana asirudi kwa boti. Asiguse maji ya ziwa hili, hata ya kunawa. Apelekwe kwao milimani leo leo. Yeye angewarudisha wageni kisiwani peke yake na kumwambia meneja chochote. "Nendeni," alisema. "Msipitie ufuoni."

Walichukua bodaboda hadi Kisian, wakapata gari la mjini. Wanyonyi aliona ni mzaha njia nzima. Lakini alikataa kwenda Chwele bila kupitia Migosi. Barua yake ya kazi na vyeti vyote vilikuwa chumbani kwa dada yake, na mtu hawezi kwenda kuripoti kazini Jumatatu mikono mitupu. Hapo alikuwa na haki. Waliposhuka Kondele, kituo cha magari karibu na Migosi, alianza kutetemeka. Jua lilikuwa kali, wauza viatu wamejifunika magazeti kichwani, naye meno yake yalikuwa yakigongana.

"Ni njaa tu," alisema.

Nasambu alimgusa shingo. Ilikuwa baridi kama kifuniko cha chungu kilichofunika maji.

Hapo hapo Kondele ndipo alipokumbuka jambo lililomfanya asimame katikati ya watu. Maji ya bomba ya Kisumu yanatoka ziwani.

Alinunua chupa kumi za maji. Alipita duka hadi duka alasiri nzima, akisoma kila karatasi ya chupa hadi akapata yaliyoandikwa kuwa ni ya chemchemi za Nandi. Walipofika chumbani alimwacha Wanyonyi mlangoni. Alimwaga maji ya mtungi. Alimwaga ya birika, ya ndoo ya kuogea, yale machache yaliyobaki kwenye sinki. Alipangusa sakafu kwa nguo kavu. Alifunga koki, akaifunga tena kwa kamba, akajaribu kuifungua mara tatu. Ndipo akamwita aingie.

Wakati huo giza lilikuwa linaingia na kijana hakuweza kusimama kwa baridi. Wakakubaliana waondoke na gari la kwanza asubuhi.

Saa moja na nusu simu ya Nasambu ililia. Sylvia alikuwa ametuma ile video, na alama za kucheka. Aliitazama mara moja kwa haraka. Kisha akaitazama ameweka simu sikioni.

Anajiona amesimama, anaita jina. Wanyonyi anaonekana vizuri, amepiga magoti, midomo imefungwa, anazuia kicheko. Na nyuma ya simu, upande wa ziwa, mbali kidogo, sauti ya Wanyonyi inaitikia.

"Naam."

Anaita mara ya pili. "Naam." Imesogea.

Mara ya tatu hakusubiri kusikia. Alizima simu, akaifungia kabatini.

Hakulala. Alikaa amemshika mdogo wake mkono hadi jogoo wa jirani walipowika na mwanga ukaingia kupitia pazia. Wanyonyi alifumbua macho. Baridi ilikuwa imetoka. Alikuwa na joto la mtu mwenye afya, na njaa yake ya kila siku.

"Sista, kwani kuna nini hapa? Hata chai hakuna?"

Nasambu alicheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Karibu alie. Gari la kwanza lilikuwa saa moja, mkoba umefungwa, barua imo ndani. Chai ya nini, alijiuliza, kisha akaona jinsi ya kuipika bila hatari. Maziwa matupu. Hata tone la maji lisiguse sufuria. Alifunga mlango kwa ufunguo kwa nje, akashuka ngazi mbio, akanunua lita moja kwenye kibanda cha ng'ambo ya barabara, akarudi. Dakika nne. Alizihesabu.

Aliyachemsha na majani na sukari. Alimmiminia kikombe kikubwa. Alikaa mbele yake amtazame akinywa.

Wanyonyi alimeza mara mbili. Akaweka kikombe chini vizuri, bila kumwaga. Akamtazama dada yake kwa mshangao, kama mtu aliyeitwa na mtu mwingine chumbani.

Kisha akafungua kinywa, na maji yakatoka.

Hayakuwa ya chai. Yalikuwa ya kijani, baridi, yana harufu ya matete. Yalitoka puani. Yalitoka mengi kuliko yanavyoweza kukaa ndani ya mtu. Nasambu alimgeuza kifudifudi, akampiga mgongo, akamkamua mbavu kama walivyofundishwa kazini, akihesabu kwa sauti. Alihesabu hadi mia tatu. Watu walipouvunja mlango walimkuta bado anahesabu, amepiga magoti kwenye kidimbwi.

Daktari aliyempasua aliuliza mara mbili mwili uliopolewa wapi. Akaambiwa Migosi, ghorofa ya tatu, kitini. Aliandika kuzama, akakataa kusema zaidi.

Jirani wa mlango wa pili, Mama Aoko, ndiye aliyekaa na Nasambu siku ile. Alikiona kikombe mezani, akakinusa, akatikisa kichwa kama watu wanavyotafuta la kusema msibani.

"Na haya maziwa ya hapa chini, siku hizi," alisema kwa upole. "Wanaongeza maji ya bomba mpaka unaona mkono wako ndani."

Nasambu hakulia. Alikiangalia kikombe, kisha mkono wake uliommiminia.

Walimzika Chwele Jumamosi iliyofuata, mahali palipo juu, penye mawe mekundu, safari ya saa tatu kutoka ziwani. Mama yao alishika ile barua ya kazi hadi mwisho, akakataa iwekwe jenezani. Wazee walimuuliza Nasambu kilichotokea, naye aliwaeleza chote, kwa saa na dakika zake, bila kujitetea. Hakuna aliyemfokea. Mama yake alimwambia, "Wewe uliita jina, mwanangu. Mimi ndiye nilimpa." Tangu siku hiyo hajamwambia neno lingine.

Hakurudi kisiwani. Anaishi hapo nyumbani, na watu wakipita njiani humwona asubuhi ameinama kaburini. Mvua haijanyesha mwaka huu Chwele. Mahindi yamekauka yakiwa mafupi kama goti. Lakini udongo wa kaburi la Wanyonyi hauna nyufa. Juu yake, kutoka kichwani hadi miguuni, kumechorwa mistari midogo ya mawimbi, imelala sambamba kama ile ambayo maji huiacha ufuoni yanaporudi nyuma. Nasambu huisawazisha kwa kiganja, yote, hadi udongo uwe laini.

Ikifika saa tano na nusu, imerudi.