Kahawa ya Mkwe

Siku ya kilele cha Nane Nane, viwanja vya Kyakailabwa pale Bukoba vilijaa watu hadi kupishana ikawa kazi. Mwesiga alikimbilia kivuli cha banda la kiwanda cha kukoboa kahawa, akakuta meza yenye vikombe vidogo kumi na viwili. Nyuma ya meza alisimama msichana mwenye aproni nyeupe juu ya gauni la kitenge cha zambarau. Mwesiga alinyakua kikombe cha kwanza, akanywa chote, akanyoosha mkono kwenye cha pili.

"Kaka, hapa si hotelini," msichana alisema. "Unavuta kidogo kwa kijiko, unaonja, halafu unatema kwenye ndoo ile."

"Nikiteme kitu kizuri hivi?"

"Hicho unachokisifia ndicho kibovu kuliko vyote mezani. Kina harufu ya ukungu."

Watu walicheka, Mwesiga naye akacheka, na hakuondoka pale hadi banda lilipofungwa. Msichana aliitwa Joviana. Alikuwa mwonjaji wa kahawa kiwandani, akiishi Kagondo na mama yake mjane, Ma Kokuberwa. Mwesiga alikuwa fundi mitambo kutoka Izigo, Muleba, na mfukoni alikuwa na barua ya kwenda kusoma Ujerumani. Walikuwa na wiki saba tu. Walizitumia vizuri, ufukweni wakila samaki, Kagondo wakila ndizi za mama. Kijana alimwita Bi Vikombe, naye akaitwa Injinia Mmezaji.

Chuo chenyewe kilikuwa cha serikali, katika mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani, cha aina wanayoiita chuo cha sayansi tumizi. Huko mtu hapewi uprofesa wa uhandisi kabla hajatoka jasho kiwandani miaka kadhaa, na mwanafunzi hamalizi bila kukaa muhula mzima ndani ya ovaroli. Hata tasnifu ya mwisho Mwesiga aliiandikia kiwandani, juu ya tatizo ambalo kiwanda chenyewe kilitaka litatuliwe, akisimamiwa na profesa na injinia wa kiwanda. Kiwanda chake kiliunda mashine za kuchambua nafaka kwa kamera. Mwesiga aliomba aifundishe mashine kahawa ya Kagera. Wakubwa wakakubali, wakamwahidi kwamba mashine ikiweza, watafungua ofisi Bukoba na yeye ndiye ataiendesha.

Alimpigia Joviana siku ile ile.

"Nikifaulu hili, mpenzi, narudi na kazi yangu mkononi, na wazee wanakuja kwenu kujitambulisha."

"Na usipofaulu?"

"Nitafaulu. Wewe nitumie kilo thelathini za kahawa, kama wakulima walivyoileta. Usiitengeneze."

Alisema hivyo, na Joviana alisikia vizuri. Lakini Ma Kokuberwa alipolifungua gunia uani, akaona punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu, alishika kiuno. Akauliza ni lini Mhaya alimpelekea mkwe kahawa chafu, tena mkwe aliye ugenini, mbele ya Wazungu. Joviana, ambaye kazi yake yote ilikuwa kujua ubovu wa kahawa, alijua mama amekosea. Alijua, akanyamaza, kwa sababu moyoni naye aliona aibu. Walikaa na nyungo siku tatu wakichambua punje kwa punje. Mwishoni Joviana akarudishia viganja viwili vya punje mbovu, ili isionekane wamechambua. Mapenzi yana ujinga wake, na huu ulikuwa mmojawapo.

Mashine ikajifunza kwamba kahawa ya Kagera ndivyo ilivyo, punje zote zimelingana. Siku ya majaribio, profesa na wakubwa wa kiwanda wakiwa wamesimama na kalamu zao, wakamwaga gunia la kawaida la kahawa ya Kagera lililonunuliwa bandarini Hamburg. Mashine ilitupa karibu gunia zima. Hakuna aliyemfokea Mwesiga. Waliandika tu, wakashukuru, wakasema tasnifu isubiri muhula mwingine na habari ya Bukoba isimame kwanza.

Alipiga simu hapo hapo. Kule Kagondo, Joviana na mama yake walikuwa wakimenya ndizi, mikono imejaa utomvu, kwa hiyo Joviana aliibonyeza simu kwa kiwiko na kuiacha kwenye kigoda, spika wazi.

"Joviana, ile kahawa mliichambua?"

"Tuliichambua, mimi na mama. Siku tatu. Imewapendeza?"

"Imenimaliza. Nilikuambia nini? Nilikuambia nini, Joviana?"

"Mwesiga, subiri, mama yuko..."

"Huyo mama yako ndiye kakufundisha. Watu wa migombani hawafundishiki, hata uwape nini. Nilikuwa mjinga kutegemea watu kama ninyi."

Joviana alikata simu kwa mkono ule ule wenye utomvu. Ma Kokuberwa alimaliza kumenya ndizi iliyokuwa mkononi, akachukua nyingine.

Kabla siku haijaisha Mwesiga alishajuta. Aliandika ujumbe, akaufuta. Akajiambia kwamba huwezi kumwomba radhi mama mkwe kwa simu, mikono mitupu. Arekebishe kazi kwanza, arudi na cheti na ajira, apige magoti Kagondo kama mwanamume. Joviana alipompigia mara mbili hakupokea, kwa aibu. Kiburi kikivaa nguo za heshima, mwenyewe hakitambui. Miezi tisa ikapita hivyo.

Na kazi ilirekebishika. Tena ilikuwa ile kahawa iliyochambuliwa iliyomwokoa: profesa aligundua kwamba kiwanda hakijawahi kupata mfano safi wa punje nzuri namna ile. Waliifundisha mashine uzuri kwanza, kisha ubovu. Tasnifu ikapata alama za juu, ofisi ya Bukoba ikapitishwa, na Mwesiga akatua nyumbani siku ya Jumatano. Kule Izigo, baba yake Ta Kahangwa alikuwa tayari ameshapanga na wazee wa ukoo kwenda Kagondo Jumamosi.

Kesho yake asubuhi Mwesiga alimkuta Joviana kiwandani, kwenye chumba cha kuonjea kahawa, amevaa gauni jeusi la msiba.

"Nani?" Mwesiga aliuliza.

"Mama. Wakati wa Kwaresima. Presha."

Mwesiga alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Machozi yalimtoka, na Joviana akamwacha alie.

"Nilikuja kumpigia magoti," alisema hatimaye.

"Najua. Hakuwa na hasira na wewe, waitu. Siku ya pili tu alizunguka kwa majirani akakusanya kahawa gunia zima, na mawe yake, na majani yake. Hakutaka hata niipepete. Akaiweka chini ya kitanda, akasema mtoto atapiga simu atuambie pa kuipeleka. Kila nikirudi kazini ananiuliza, Mwesiga amepiga?"

"Ulimjibu nini?"

"Mwanzoni nilisema ana mitihani. Baadaye nilishindwa kudanganya."

Mwesiga alimwambia anampenda, na ilikuwa kweli. Alimwambia wazee wanakuja Jumamosi. Joviana alimtazama kwa macho yaleyale ya siku ya vikombe, na yeye pia alikuwa akimpenda bado, ndiyo maana sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilikusamehe wiki ile ile, Mwesiga. Kama lingekuwa lile tusi tu, ningeolewa na wewe hata kesho. Lakini nikikutazama namwona mama anaitazama simu. Sitaweza kuishi nyumba moja na hilo. Usiwalete wazee."

"Mwaka mmoja. Nitasubiri."

"Usisubiri. Nenda."

Alimshika mkono, akambusu kiganjani, akatoka. Nje ya geti akakaa ukingoni mwa mtaro, magari ya kahawa yakimpita, akatoa simu. Safari hii hakungoja.

"Baba, Jumamosi tusiende."

Ta Kahangwa akauliza kama binti amepata mwingine.

"Hapana, baba. Hana mtu."

"Sasa tatizo nini?"

"Mama yake alikuwa anasubiri nipige simu," Mwesiga alisema.