Levina na Kipimo cha Mvua

Kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, Levina wa darasa la sita alikwenda nyuma ya ofisi ya walimu, akasoma kipimo cha mvua, akakimwaga na kuandika daftarini. Mwalimu Eustaki alimpigia simu mtendaji wa kijiji kumpa namba hiyo, naye mtendaji ndiye aliyeamua watu wa bondeni wabaki au wapande juu. Mpunga ulikuwa unakaribia kuiva, na nusu ya kijiji cha Mofu ilikuwa imehamia kwenye madungu, vile vibanda vya miti mashambani, kufukuza ndege. Bibi Apolonia, bibi yake Levina, alikuwa huko peke yake.

Redio ilisema kimbunga kimeganda baharini, hakiendi mbele wala hakirudi. Mvua ikapiga mfululizo. Siku ya tatu Levina alichoka kulowa.

"Andika kumi kama jana," rafiki yake Digna alimcheka. "Nani atakuja kuhesabu matone?"

Levina akaandika kumi. Kesho yake akaandika kumi na mbili, bila kukiona kipimo.

Mchana huo mama yake, Dativa, aliingia shuleni na matope hadi magotini.

"Mwalimu, mto umepanda hadi mashambani! Mbona watu hawakuambiwa? Si mlisema mnapima?"

"Tumepima, mama. Milimita kumi na mbili tu."

Dativa akaenda nyuma ya ofisi, Levina akimfuata. Kipimo kilikuwa kimejaa pomoni, maji yanafurika. Akamgeukia binti yake.

"Ulikisoma hiki?"

"Hapana, mama. Niliandika tu."

"Uliandika tu! Mama yangu yuko kwenye maji, wewe unaandika tu!"

Mitumbwi ya wavuvi ikatoka. Levina alisimama kwenye mvua, akitazama kila mtumbwi uliorudi bila bibi yake. Ule wa mwisho, wa mvuvi Mabula, ndio uliomleta bibi, akitetemeka kama kifaranga.

"Shikamoo, bibi," Levina alisema huku akilia.

"Marahaba. Nimeshinda juu ya paa la dungu, mjukuu wangu. Mpunga wote umekwenda."

Dativa alimfunika mama yake khanga, kisha akamkazia Levina macho.

"Nyamaza! Machozi hayapimi mvua. Bibi yako ameokolewa na kasia la Mabula, si daftari lako. Ukipewa kazi ya kupima, pima. Ukishindwa, sema, 'Sikupima.' Hapo mwingine angekwenda kutazama. Lakini ile kumi na mbili yako ilituambia sote tukae tutulie, nasi tukatulia."